Zamu Yangu Kwenye Mwanya wa Ukungu

Binti yangu Nakunda aliingia uani kwangu asubuhi bila hodi na bila shikamoo, mtoto mgongoni, madumu matupu mkononi. Akayabwaga chini, akakalia moja, akaniangalia kama mtu aliyetumwa kudai mahari irudishwe.

"Mama, mmetunywa."

Nilidhani ana homa. Nikamshika paji la uso. "Nani amewanywa?"

"Ninyi. Watu wa Vusegha, na wewe ukiwemo." Akauondoa mkono wangu. "Chemchemi ya Kwemdima imekauka. Sisemi imepungua, mama, imekauka. Tunachota tope kwa vijiko, tunalikamua kwenye kanga. Ukungu wetu mnaukamata wote hapa juu. Hata jasho lake halitufikii."

Kwemdima ndiko alikoolewa, upande wa pili wa mlima. Ukitoka kwangu unapanda hadi Mwanya, pale milima miwili inapoachana kidogo, kisha unashuka na umefika. Unaweza kwenda kuomba chumvi ukarudi maharage hayajaiva. Ukungu nao ulikuwa na njia hiyohiyo. Unapanda kutoka tambarare, unatulowesha sisi, unapenya kwenye Mwanya, unashukia msitu wao, na majani yanaudondosha tone kwa tone mpaka kwenye chemchemi. Mvua zilipoanza kutudanganya, vuli haiji, masika inakuja kwa hasira na kuondoka na udongo wa shamba zima, ni ukungu peke yake uliobaki na adabu.

Nilimpa mjukuu wangu maji. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, na maji yalipoisha akaendelea kulamba ndani. Mtoto wa umri ule anatakiwa kumwaga maji, kuyachezea, apigiwe kelele. Huyu alikuwa analamba kikombe.

"Mkutano wetu umeamua," Nakunda alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Chemchemi isiporudi mpaka gulio lijalo, kijiji kizima kinashuka kambini, tambarare."

Wewe unayesoma, labda kambi kwako ni neno la kwenye redio. Sisi tunaijua. Walioshuka kabla yetu waliporudi kutembelea makaburi ya wazee wao, walikuwa wamepungua, na waliopungua ni wadogo. Joto la kule linamkuta mtoto usingizini na kumchukua bila kelele.

"Hushuki," nilimwambia. "Unakaa hapa. Chumba chako kipo, maji yapo."

"Na mama mkwe wangu?"

"Naye aje."

"Na jirani yake? Na yule mama aliyenizalisha kwa mikono yake siku barabara imekatika? Nikae hapa ninywe maji yao huku nawaangalia wanavyoshuka?" Akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Sikuja kuomba pa kulala, mama. Nimekuja kuwaambia mfungue."

Nilimjazia madumu yake. Alipoondoka nikafunga kanga kiunoni nikapanda Mwanya.

*

Utando haufanani na wavu wa mtu kusuka. Uliletwa kama unga mweusi kwenye mifuko. Tuliukanda kwa majivu na samadi, tukaupaka kwenye kamba zilizofungwa juu ya miti, ukaota. Nusu yake ni kuvu, nusu yake wameitoa kwa buibui, ndivyo walivyotueleza. Ukikomaa unakuwa mzito kama blanketi la kijivu, una ubaridi, na ukungu ukipita unabaki hapo. Maji yanachuruzika kwenye mianzi iliyopasuliwa yanashuka hadi kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo ambalo babu zetu walilichimba na ambalo kila nyumba ina zamu yake ya kulifungulia shambani.

Nisije nikausema vibaya. Utando ulituokoa. Kabla yake tangawizi ilikuwa inakauka ardhini kama vidole vya maiti. Baada yake tulikula, tukauza, tukaezeka. Nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Pale juu nilimkuta Zuhura, binti mtaalamu wa shirika lililouleta, amevaa mabuti, anasukuma kijiti cha kupimia ndani ya nyuzi.

"Shikamoo, Mama Kunda."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Hiki kitu kinawanyima watu wa Kwemdima maji?"

Hakuuliza nimesikia wapi. Alikichomoa kijiti akakifuta kwenye suruali. "Niliwaambia tangu mwanzo muache nafasi. Kipande hapa, kipande kule, upepo upite katikati. Mkaziba Mwanya wote."

Ni kweli alituambia. Lakini aliwaambia watu wa msaragambo. Kwetu, baragumu la kazi ya pamoja likilia, hakuna anayejua kufanya nusu. Mfereji ukichimbwa, ukoo wa juu wanachimba wakiangalia ukoo wa bondeni wamefika wapi, na bondeni nao hawalali. Siku ya kutundika kamba ikawa hivyohivyo. Hawa wakaanzia mwamba wa kaskazini, wale wa kusini, matusi ya utani yakiruka katikati, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kushusha kamba. Tulisimama pale tu ncha zilipokutana. Tukachinja mbuzi. Tulishangilia kuziba Mwanya kama watu waliomaliza kujenga kanisa.

"Basi tukate sehemu," nilisema.

"Ungekuwa wavu ningekata mimi mwenyewe." Zuhura akanyoosha kidole. "Huu ni mwili mmoja, mama. Ukikata, nyuzi za pembeni zitarefuka kutafuta unyevu, zitaziba pengo kabla ya jioni. Haufikirii kitu, unafuata maji tu kama mzizi. Hilo ndilo zuri. Baya ni kwamba unaweza kustuka, ukajikunja wote, ukafa. Kwenye majaribio ulishajikunja."

"Kila ukikatwa?"

"Hapana. Kuna waliokata na haukufanya kitu."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Mama Kunda." Aliniangalia usoni akisema hivyo, nikamheshimu.

Nikasimama pale mikono kiunoni. Upande mmoja mjukuu wangu analamba kikombe. Upande mwingine Vusegha nzima, na watoto wao, ambao nao nimewabeba, nimewafuta makamasi. Nikikata na utando ukafa, nitakuwa nimewaua hawa ili kuwaokoa wale. Nisipokata, nitakuwa nimewaua wale kwa kukaa kimya, na watu watanisalimia vizuri tu sokoni.

Niligusa nyuzi kwa kiganja. Zilinilamba. Kiganja changu kilikuwa na jasho la kupanda mlima, na zikalifuta lote, taratibu, ngozi ikabaki kavu kama karatasi. Hazikujua kama mimi ni ukungu au ni mtu.

Mama mwenzangu, wakikuletea kwenu kitu cha kuwaokoa, usiulize tu kitawapa nini. Uliza kinachukua kwa nani. Uliza siku hiyohiyo, kabla hujaonja, maana ukishaonja ulimi unakuwa mzito.

*

Mkutano ulifanyika kando ya ndiva, kama kawaida. Mwenyekiti wa ndiva ni Sekiete, mdogo wake mume wangu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Nilieleza yote. Walinisikiliza vizuri mpaka niliposema neno kukata.

"Shemeji," Sekiete alisema, "huyo ni mwanao, uchungu tunauelewa. Mlete. Mlete na mtoto. Tutawapa maji."

"Nimeshamwambia. Amekataa."

"Basi amekataa yeye, si sisi."

Watu wakacheka. Mama Mbonea, jirani yangu, akasimama. Mkwewe alikuwa amejifungua wiki ileile, na yeye ndiye aliyekuwa akimkanda na kumpikia. "Naelijwa," akaniita kwa jina langu, "mimi sina utani na wewe leo. Nina kichanga ndani. Huo utando ukifa kwa panga lako, nitakuletea kile kichanga ukinyonyeshe wewe, na hayo matiti yako yaliyostaafu."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Hata mimi nilicheka, huku nimeumia, kwa sababu alikuwa na haki. Mume wangu Zefania alikuwa amekaa nyuma, anachora chora udongo kwa kijiti. Hakuniangalia.

"Sawa," nikasema. "Sikati kwa niaba ya kijiji. Shemeji, tulipotundika utando, nani alisema utando ni ndiva ya juu, na sheria za ndiva ndizo sheria zake?"

"Mimi."

"Na sheria ya zamu inasemaje?"

Alijibu haraka, anaipenda sana kuisema. "Mwenye zamu anasimama mlangoni mwenyewe toka jua linazama mpaka lizame tena. Anapokezwa mkono kwa mkono. Maji ya zamu yake ni yake, anamwagilia, anampa amtakaye, haulizwi. Anayegusa zamu ya mwenzake anapoteza ya kwake."

"Zamu inayofuata ni ya nani?"

Wakageuka kunitazama.

"Ni yangu," nilisema. "Na nimeshaigawa. Nawapa Kwemdima. Maji yangu, kabla hayajafika kwenye mianzi, yako wapi? Yako kwenye ukungu. Nawapa yakiwa hukohuko kwenye ukungu. Nitafungua kipande tulichotundika sisi wa nyumba yangu, upana wa nyumba moja, nitasimama hapo mwenyewe."

"Huo ni ujanja!"

"Hiyo ni sheria yako, shemeji. Mimi nimeishia darasa la saba, ujanja nimeutoa wapi?"

"Utando ukifa je? Wote?"

"Zuhura amesema hajui. Wewe unajua?" Nikawageukia wote. "Hakuna anayejua. Lakini Kwemdima wanakufa, hilo tunalijua. Mnanitaka nichague kati ya kitu ambacho labda kitatokea na kitu kinachotokea sasa hivi, halafu mnashangaa nimechagua."

Sekiete ndiye mwenyekiti. Angeweza kuivunja sheria. Lakini sheria ikivunjwa kwangu imevunjwa kwa wote, na kila aliyekaa pale alikuwa ameshaanza kufikiria zamu yake mwenyewe.

*

Nilipokea zamu jua likizama, nikalala palepale juu, nimejifunika turubai, ili nisidaiwe kwamba niliacha mlango. Kulipopambazuka, ukungu ukaanza kupanda kutoka chini, mweupe, bila haraka. Nikajifunga majani makavu ya mgomba mikononi mpaka kwenye viwiko, nyuzi zisipate jasho langu, nikashika panga, nikakata.

Utando haukupiga kelele, lakini niliusikia. Mtikisiko ulipita kushoto na kulia mpaka kwenye miamba, na mianzi yote ikaacha kudondosha. Halikuanguka hata tone moja. Zuhura, aliyekuwa amesimama karibu na kijiti chake, alinong'ona, "Subiri, mama, usiguse tena."

Nikasubiri. Nilimfikiria kichanga wa Mama Mbonea. Nilifikiri nimewaua. Nawaambia ukweli, nilisimama pale huku nimeinua panga na sikuwa jasiri hata kidogo.

Kisha tone likaanguka. Likafuata jingine. Mianzi ikaanza tena kuimba, polepole zaidi kuliko jana, lakini ikaimba.

"Uko hai," Zuhura alisema, akakaa chini kwenye majani mabichi bila kujali suruali.

Ukungu ukanipita. Ulinigusa uso, ukaingia kwenye nywele, ukapita kwenye pengo la upana wa nyumba yangu na kuanza kushuka upande wa pili. Nikaanza kazi. Nyuzi zilitoka pande zote mbili kunitafuta, nyembamba kama nywele, kisha kama uzi wa kushonea, kisha kama kamba ya kiatu. Nakata kushoto, zinatoka kulia. Zilipoona mimi mwenyewe nimelowa zikaniandama mimi, zikashika kanga, zikaikausha nikiwa nimeivaa. Midomo ilipasuka. Nilikata, nikakata.

Wakaanza kupanda watu. Wengine walikuja kuangalia utando unavyokufa, walipokuta haufi wakabaki kuniangalia mimi.

"Mama Kunda, leo umekuwa kinyozi!" alipaza sauti kijana wa ukoo wa juu.

"Njoo nikunyoe na wewe!"

Sekiete alipofika, maji ya ndiva kule chini yalikuwa yameshuka kidogo, alama ya tope ilionekana ukingoni. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye pengo. "Shemeji, imetosha. Wameona, wamefurahi. Lete panga."

"Gusa."

"Nini?"

"Gusa hili panga, shemeji. Gusa zamu yangu mbele ya watu wote hawa, halafu kesho kutwa nitakuuliza tangawizi yako inakunywa nini."

Mkono wake ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Ukarudi mfukoni. Watu hawakucheka safari hii.

Mchana Zefania alipanda na chungu cha uji. Alininywesha kwa kata kama mtoto, kwa sababu sikuweza kuliacha panga, na kila nilipomeza yeye alizikwangua nyuzi zilizokuwa zimenishika mgongoni. Nilimwambia, "Jana ulikuwa unachora nini pale chini?" Akasema, "Nilikuwa natafuta neno." "Ulilipata?" Akatikisa kichwa akanipa tena uji.

Jua lilipoanza kuinama mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, nilikuwa nakata kwa wa kushoto, vibaya. Pengo lilikuwa limepungua. Na zamu iliyofuata ilikuwa ya Mama Mbonea.

Alikuja amejitanda kitenge, amekunja uso. Nyuma yake Sekiete na wazee wawili wa ndiva, mashahidi. Kila mtu alijua amekuja kufunga, na alikuwa na haki, haki ileile niliyoisimamia mimi mchana kutwa.

Hilo nililijua tangu mkutanoni. Sheria niliyoikimbilia haikuwa yangu peke yangu.

"Naipokea zamu yangu," alisema.

"Ipokee." Nikampa mkono, wake ukiwa na mafuta ya kumkandia mzazi. "Huna haja ya kufanya kitu. Simama hapo tu. Utajifunga wenyewe. Lakini lazima usimame uangalie, ndiyo sheria."

"Najua sheria." Akaingia kwenye pengo.

Nyuzi zilikuwa zimeshaanza kukutana juu ya kichwa chake. Nikarudi nyuma, nikaliegemeza panga mguuni. Hapo ndipo alipowaona wale wa upande wa pili.

Walikuwa wamepanda mchana kutwa, taratibu, wanawake wa Kwemdima. Walikuwa wametandaza kanga kwenye vichaka vyote mpaka chini, na sasa walikuwa wanazikamua kwenye ndoo, wawili wawili, huyu anasokota huku na yule kule. Nakunda alikuwepo. Mtoto wake alikuwa anapigapiga majani yaliyolowa kwa viganja, maji yanamrukia usoni, anapiga kelele kwa furaha na hakuna anayemkataza.

Mama mmoja mzee akainua uso akamwona jirani yangu kwenye pengo. Hakuomba kitu. Alisema, "Mama Mbonea! Habari za jioni?"

"Nzuri," Mama Mbonea alijibu, kwa sababu mtu akikusalimia unajibu.

"Za nyumbani?"

"Nzuri. Za kwenu?"

"Tunamshukuru Mungu. Mkweo vipi? Tulisikia alikuwa mzito."

"Amejifungua."

"Salama?"

"Salama. Wa kiume."

Vigelegele vikapigwa kule chini, vya makoo makavu, vimekatikakatika, lakini vikapigwa. Wengine wakaacha kukamua ili wapige. "Anaitwa nani?" mmoja akauliza. "Ananyonya vizuri?" mwingine. "Mkande na maji ya moto, usimwonee huruma!" Na kila swali lilipokuja nyuzi zilikuwa zinapishana mbele ya uso wa Mama Mbonea, moja, nyingine, na alilazimika kuinamisha kichwa kidogo kila mara ili aendelee kuwaona anaowajibu. Mlango unaufungaje mtu akiwa bado anakuuliza habari za mtoto?

"Mmeniweza," alisema hatimaye. Sijui alikuwa anawaambia wao au mimi. "Mna maneno mengi sana ninyi watu." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Naelijwa. Lete hilo panga kabla sijabadili mawazo."

Nikampa. Akakata uzi wa kwanza vibaya, kwa hasira, kisha wa pili vizuri.

Nikageuka kumwangalia shemeji. Sekiete alikuwa amesimama na mashahidi wake, anatazama mbele, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anatafuta kichwani zamu ya baada ya hii ni ya nyumba gani.

Ilikuwa ya nyumba yake. Na mlangoni mwa ndiva, miaka yote, anayesimama kwa ajili ya nyumba ile ni mke wake. Zamu yake ilikuwa kesho yake, lakini alikuwa ameshatutangulia, ameketi kwenye jiwe kando ya pengo, amevua viatu, anajifunga majani ya mgomba mikononi.